Mkono Chini ya Kitambaa

Sauti ya Mzee ilikuwa imekwisha.

Mpelelezi alikuwa ameambiwa hivyo kituoni asubuhi ile, lakini hakuwa amejiandaa kuisikia. Alivuta kiti karibu na kitanda, akainama, na kilichotoka kinywani mwa Mzee kilikuwa pumzi yenye mikwaruzo, kama kiatu kinachoburutwa kwenye changarawe.

Ukutani ilitundikwa kofia ya kazi, rangi imepauka, na chini yake filimbi ya shaba iliyong'arishwa juzijuzi. Mtu fulani katika nyumba hii alikuwa bado anaifuta vumbi.

Mpelelezi aliijua ile kofia. Zamani, kabla stesheni haijawekewa mashine ya kutangaza, mji mzima ulikuwa ukimwita mtu huyu Sauti ya Stesheni. Yeye wakati huo alikuwa mtoto wa kushikwa mkono, na aliyemshika mkono alikuwa bibi yake, mwenye miguu iliyovimba. Kila safari walichelewa. Wakiwa katikati ya zile ngazi ndefu, vipaza sauti vilikohoa kidogo, kisha ikashuka sauti nzito isiyo na papara: "Treni ya asubuhi iko tayari. Aliyechelewa asikimbie. Tunamngoja." Bibi alikuwa akisimama palepale, mkono kiunoni, anapumua na kucheka. "Umesikia, mjukuu wangu? Tunangojwa sisi." Na kweli walingojwa.

Sasa kope ya jicho la kulia la Mzee ilikuwa imelegea na kufunika nusu ya jicho. Upande huohuo wa shingo, damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi, doa pana la zambarau lililoanza kugeuka manjano pembeni.

"Mwambie, Baba," alisema mwanawe mkubwa, aliyesimama miguuni pa kitanda. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Mpelelezi aligeuka haraka kumtazama. Mwana alikuwa ameirithi ile sauti yote, uzito wake na utulivu wake. Angefumba macho angejikuta kwenye ngazi.

"Nilifunikwa uso," Mzee alinong'ona. "Nguo nzito. Nikakabwa shingo, hapa." Kidole kilienda upande wa kulia. "Nikaona kichwa kinazama, miguu inapanda juu."

"Ulimwona aliyekukaba?"

"Nimefunikwa uso, mwanangu. Nitamwonaje?"

Mpelelezi alitabasamu. "Basi ulisikia nini?"

"Mwanamke. Alisema, 'Tulia baba, karibu tunamaliza.'"

"Umesikia mwenyewe, afande," mwana mkubwa alidakia. "Humu ndani kuna mwanamke mmoja tu anayemwita Baba. Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Mimi kazi yangu iko mbali. Nimerudi nakuta baba hana sauti, jicho limeanguka, shingo nyeusi. Na nyumba hii, baba akiondoka, nani anabaki ndani yake? Si yeye?"

"Hili lilitokea siku gani, Mzee?"

"Sijui. Homa ilinichanganya. Siku ziliingiliana."

Mpelelezi hakuandika kitu. Alikuwa akiitazama mikono ya Mzee juu ya shuka. "Wakati unakabwa, mikono yako ilikuwa wapi? Hukujitetea?"

Mzee alifikiri. Kisha akaufungua mkono wa kushoto na kuutazama kana kwamba kitu kilikuwa kimesahaulika humo. "Huu ulikuwa umeshikwa."

"Umefungwa? Umebanwa kitandani?"

"Hapana. Umeshikwa tu. Hivi." Akachukua kiganja cha Mpelelezi, akakikumbatia ndani ya chake, na kwa kidole gumba akawa anakipapasa polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mpaka mwisho."

Mwana mkubwa alimletea baba yake maji. Mzee aliinua kichwa, akanywa funda moja, na papo hapo maji yakampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Tangu nije ni hivi," mwana alisema, akimpigapiga mgongo. "Hata maji yamemkataa."

Kabla ya kuondoka, Mpelelezi aliomba kukiona kitanda. Kilikuwa cha mbao nzito, cha kizamani, miguu minene kama mitwangio. Alijaribu kuinua upande wa miguuni, hakikutikisika. Akamwita sajini wake aliyekuwa akingoja barazani.

"Inua."

Sajini alivua kofia, akainua, akaguna, akaachia. "Hiki kiliingia humu kabla ya nyumba, afande. Walijenga kukizunguka."

"Mwanamke mmoja peke yake, mkono mmoja uko shingoni, wa pili umeshika kiganja. Anakiinuaje?"

Sajini alivaa kofia yake, akatoka. Nje, alipokuwa akifungua mlango wa gari, alisema, "Lakini upande wa hospitali nilishaumaliza, afande. Mzee alilazwa kwa ile homa, mishipa ya mikononi ikawa haipatikani, wakamwekea mrija wa dawa shingoni. Niliomba faili. Imeandikwa kushoto. Na hapa kila kitu kiko kulia: jicho, doa, vyote. Kesho asubuhi yule mjane tuliyemshika anapanda kizimbani."

"Basi tuna leo."

"Kwa mwendo wako, afande? Ndiyo maana wanakuita Bi Taratibu."

"Wananiita hivyo?"

"Nyuma yako. Mbele yako ni mimi peke yangu."

*

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, viatu vimepangwa pamoja kando ya ukuta. Hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo, mama. Amekula?"

"Marahaba. Amejaribu maji. Yamempalia."

Mjane alisimama. "Maji matupu? Nani amempa maji matupu?"

"Shemeji yako."

"Asimpe! Jamani, asimpe! Apewe uji mzito, kijiko kwa kijiko, na kidevu akiinamishe kifuani. Akiinua kichwa chakula kinakwenda njia ya pumzi. Mpigieni simu sasa hivi. Mimi mtaniuliza baadaye, sina pa kwenda."

Mpelelezi alimtazama sajini. Sajini alitoka na simu sikioni, na sauti yake ikasikika kwenye ukumbi: "Uji mzito, kaka. Kidevu kifuani. Ndiyo, kifuani."

"Ulijuaje hayo?"

"Nilimwangalia tu. Tangu atoke hospitali kila nikimpa kitu anakohoa. Nikajaribu hivi, nikajaribu vile, mpaka siku moja akameza bila kukohoa. Tulifurahi sisi, utadhani amejifungua."

"Na jicho?"

"Alirudi nalo vile. Nilimuuliza daktari mlangoni, akasema uzee na homa, litakaa sawa."

"Ulimkaba?"

Mjane hakupandisha sauti. "Mume wangu alipofariki, kila mtu alikuwa na haraka ya kuniambia nirudi kwetu. Huyu mzee alikuja mlangoni na kikombe cha chai, yeye ambaye hata chai hajui kupika, ilikuwa maji ya moto yenye majani yanaelea. Akaniambia, 'Mwanangu, hapa ni kwako, usikimbie.' Nikainywa yote." Macho yalimlowa. "Nimkabe kwa lipi, mama?"

Mpelelezi alingoja mpaka alipomaliza kuyafuta. "Ndevu zake nani amemnyoa? Mimi namkumbuka ana ndevu mpaka shingoni."

Kwa mara ya kwanza mjane alicheka. "Hao hao wa hospitali! Amerudi chini ya taya ni peupe, kama kuku aliyenyonyolewa. Aliona aibu mpaka nikageuza kioo ukutani."

"Upande mmoja?"

"Pande zote mbili."

Mpelelezi alirudia maneno hayo polepole, kisha akasimama na kuchukua mkoba wake.

*

Njia ya kwenda hospitali ilipita mbele ya stesheni. Kutoka juu ya paa sauti ya mashine ilikuwa inataja treni, kila neno limekatwa na kupangwa kama vigae. Hakuna aliyeinua kichwa. Kwenye ngazi msichana mmoja alikuwa anakimbia na begi, kiatu kimemtoka.

"Zamani wangemngoja," Mpelelezi alisema.

"Nani?"

"Treni."

Sajini alimtazama kwa pembe ya jicho, akaendelea kuendesha.

Daktari wa wodi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye adabu, kalamu tatu mfukoni na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alifungua faili bila kuombwa mara mbili. "Mrija wa shingoni. Kushoto. Umewekwa na daktari mkuu, mara moja tu, bila shida. Ulitolewa siku mbili kabla hajaruhusiwa."

"Mkiweka mrija huo mnamnyoa mgonjwa?"

"Ndevu zikiwa njiani, ndiyo. Upande tunaochoma."

"Upande wa pili je? Ili afanane?"

Daktari alicheka. "Mama, hapa hatufanyi urembo. Wakati mwingine hata huo upande mmoja tunanyoa tukikimbia."

"Basi Mzee wangu alinyolewa pande zote mbili kwa nini?"

Daktari aliacha kucheka. Alirudi kwenye faili, akageuza ukurasa mbele, akageuza nyuma.

Wakati huo ndipo iliposikika, kutoka nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho, sauti ya mwanamke, ya chini, ya kubembeleza:

"Tulia baba, karibu tunamaliza."

Sajini aligeuka kama aliyechomwa mwiba. Mpelelezi alimshika mkono wa shati kumzuia, akatembea mwenyewe hadi kwenye lile pazia, taratibu, akachungulia.

Muuguzi wa makamo alikuwa anabandua bandeji kwenye mguu wa mgonjwa. Mkono mmoja ulikuwa unabandua. Wa pili ulikuwa umekishika kiganja cha yule mgonjwa, na kidole gumba kilikuwa kinapapasa, kinapapasa.

"Dada," Mpelelezi alisema alipomaliza, "unamkumbuka Mzee wa stesheni?"

Uso wa muuguzi ulifunguka. "Nani asiyemkumbuka? Mama yangu alikuwa anauza maua pale nje, na mimi nilijifunza kusoma saa kwa sauti ya yule mzee. Anaendeleaje? Nilimshika mkono mwanzo mpaka mwisho."

"Mwanzo wa nini?"

"Wa ule mrija. Unajua, kitanda tunakiinamisha, kichwa kinakuwa chini kuliko miguu ili mshipa ujae damu. Halafu mgonjwa anafunikwa kitambaa uso mzima, kisafi kabisa, kina tundu shingoni tu. Mwenye homa anadhani anazikwa. Kwa hiyo mimi huwa napitisha mkono chini ya kitambaa, natafuta kiganja, namwambia tulia. Hakuna aliyenifundisha. Nikiona mtu kafunikwa hivyo siwezi kukaa tu."

"Na sindano iliingia upande gani?"

"Mara ya kwanza au ya pili?"

Daktari alikuwa amewafikia. "Kulikuwa na mara ya kwanza?"

"Kulia, daktari. Kijana wa zamu ndiye aliyeanza. Mzee alikuwa amekauka maji, mshipa umelala. Alichoma, akachoma tena. Ya mwisho ikagusa ateri, damu nyekundu ikaruka. Akachomoa, akakandamiza shingo kwa nguvu, muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akalowa jasho. Akafanya sawasawa, namtetea. Damu ilipokoma ndipo tukamwita mkuu. Nikanyoa kushoto, naye akaweka mara moja."

"Mbona haimo kwenye faili?"

Muuguzi alimtazama kwa upole. "Si unajua kawaida yetu, daktari. Anayefanikiwa ndiye anayeandika."

"Mwenzangu huyu alipokuja kuuliza," Mpelelezi alisema, "hukumwambia?"

"Huyu kaka? Aliomba faili. Mimi si faili."

Sajini aliitazama sakafu.

Daktari alikuwa ameshatoa simu. Yule kijana wa zamu alikuwa amehamishiwa hospitali nyingine. Alijibu haraka, akakubali kila neno, kisha akauliza kwa wasiwasi, "Mzee yule kapatwa na nini? Nilimwacha anapumua vizuri."

Daktari alipokata simu alisimama kidogo, akisugua kipaji cha uso. "Kope imelegea. Sauti imekwenda. Anapaliwa na maji. Niliiona ile kope, mama. Nikasema uzee." Alivua koti jeupe na kulitundika. "Nipelekeni kwake."

*

Chumbani kwa Mzee, daktari aliomba madirisha na mapazia yafungwe. Mwana mkubwa alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Sogea uone, kaka. Tazama mboni za baba yako."

Kwenye giza lile dogo, mboni ya kushoto ilikuwa imefunguka pana. Ya kulia ilibaki ndogo kama punje ya mtama.

Chumba kilikuwa kimepata joto kwa madirisha kufungwa. Daktari alingoja kidogo, kisha akasema, "Sasa mfute baba yako paji la uso. Kwa mkono wako. Anza kushoto."

Mwana alisita, akapitisha vidole. Vilirudi vimelowa.

"Sasa kulia."

Alipitisha tena. Alivitazama vidole, akarudia mara ya tatu. Upande ule ulikuwa mkavu kabisa.

"Shingoni mambo mengi yanapita njia moja nyembamba," daktari alisema, akiketi ukingoni mwa kitanda. "Kuna mshipa tunaoutafuta. Kando yake ateri, inayoleta damu kutoka moyoni. Na nyuma na pembeni kuna neva, nyuzi zinazobeba amri za mwili. Moja inanyanyua kope, inafungua mboni, inatoa jasho upande mmoja wa uso. Nyingine inafungua na kufunga nyuzi za sauti. Sindano ikipotea njia kidogo, au damu ikivuja na kuvimba, neva hizo zinabanwa. Ndipo jicho linapolegea na sauti inapokwenda. Na nyuzi za sauti zisipofunga vizuri, maji yanaingia njia ya pumzi."

"Kama makutano ya reli," Mzee alinong'ona.

"Hasa, Mzee. Kama makutano ya reli."

"Na mkono wa mtu?" mwana aliuliza. Ile sauti nzito ilikuwa imepungua. "Mkono wa mtu hauwezi kufanya haya?"

"Kukaba kunaweza, mara chache sana. Sikufichi. Lakini mkono hauachi hivi." Daktari alilivuta kunjo la ngozi chini ya taya, akawasha tochi ndogo. Ndani ya kunjo, palipofichwa na doa, kulikuwa na nukta za sindano zilizokauka, zimekaa pamoja.

Mpelelezi alisema kwa sauti ya chini, "Kitanda hiki hakiinami, kaka. Cha hospitali kinainama. Maneno aliyosikia baba yako nimeyasikia leo wodini, anaambiwa mtu mwingine. Na tangu asubuhi kuna kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua." Akaufungua mkono wa kushoto wa Mzee, akauweka kiganjani mwa mwanawe. "Mwonyeshe, Mzee. Mwonyeshe ulivyoshikwa."

Kidole gumba cha Mzee kilianza kupapasa.

Mwana mkubwa alikaa chini sakafuni, kando ya kitanda, bila kuutoa mkono wake. "Sauti itarudi?"

"Neva iliyobanwa hupona, lakini polepole, kwa miezi. Iliyokatwa ni jambo jingine. Tutapima, tutangoja. Hatari ya sasa ni kupaliwa. Ule uji wa leo, nani aliyekwambia?"

"Walinipigia kutoka kituoni." Alimtazama Mpelelezi. Akaelewa. "Ni yeye?"

"Ndilo jambo la kwanza alilolisema. Kabla hata hajaniuliza kosa lake."

*

Mpelelezi mwenyewe alisaini karatasi za kumwachia, na mwenyewe akamrudisha kwa gari. Mjane aliomba ashuke kwenye kona, asije akaingia kwake na gari la polisi mbele ya majirani. Sajini akasimamisha gari, nao wawili wakashuka ili Mpelelezi amsindikize kwa miguu.

Jua lilikuwa limelegea. Mjane alipotazama mbele aliona watu mlangoni: daktari, shemeji yake, na kiti kimetolewa nje. Akasimama ghafla.

"Kuna nini? Mbona wamesimama nje? Mama, amekufa?"

"Hapana, mwanangu..."

Lakini alikuwa ameshaanza kukimbia, viatu mkononi.

Kule mlangoni, kwenye kiti, Mzee aliinua mkono. Kofia iliyopauka ilikuwa kichwani. Midomo yake ilicheza, shingo ikakaza, na hakikutoka kitu ila pumzi. Alijaribu tena. Kisha akageuza uso wake, jicho moja wazi na jingine nusu, akamtazama mwanawe mkubwa.

Mwana alikohoa kidogo, kama vilivyokuwa vikikohoa vile vipaza sauti. Alipofungua kinywa, mtaa mzima ulisikia, na mzee mmoja upande wa pili wa barabara alisimama na kutazama juu, kama anayetafuta sauti inatoka wapi.

"Aliyechelewa asikimbie," alisema. Sauti ilimkatika, akaikusanya tena. "Asikimbie. Tunamngoja."

Mjane alisimama katikati ya barabara, mkono kiunoni, anapumua. Nyuma yake Mpelelezi naye alikuwa amesimama.

Mjane alicheka huku akilia. Akaviweka viatu chini, akavivaa kimoja kimoja, akaenda zake nyumbani akitembea.